Bapa Ameandikwa Hai

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa kazi ya kutengeneza mnyama asiyekuwepo. Miaka kumi na minne nipo karakana ya makumbusho haya. Nimejaza ngozi za chui, za popo, za ndege wasiozidi kidole gumba. Nimetengeneza sanamu za wanyama waliotoweka zamani, ambao angalau waliacha mfupa mmoja wa kuanzia. Huyu hajaacha kitu. Hajawahi hata kufa!

Mkurugenzi anataka chumba kipya: wanyama wa sayari nyingine. Ametuletea mtaalamu wa viumbe kutoka chuo kikuu, mpole, shati limechomekwa upande mmoja tu. Anasema hakuna anayejua kama huko nje kuna uhai. Ila ukishajua sayari ikoje — uzito wake, hewa yake, mwanga wake — unaweza kukisia mwili utakaoweza kuishi pale. Si uongo, anasema, ni kukisia kwa adabu. Kila sentensi yake inaanza na labda. Kufikia saa nne nilikuwa nimeshambandika jina: Bwana Labda. Kufikia mchana karakana nzima inamwita hivyo. Yeye hajui. Au labda anajua.

Sayari tuliyopewa imelielekezea jua lake uso mmoja tu. Upande mmoja ni mchana siku zote, wa pili usiku siku zote. Katikati kuna ukanda mwembamba wenye mwanga mwekundu, kama wa jiko la mkaa linaloelekea kuzimika. Mnyama wetu anaishi hapo. Kila kitu kina uzito mara moja na nusu ya huku kwetu. Hewa nzito. Upepo unatoka gizani kwenye baridi kwenda kwenye joto, hauachi, haugeuki.

Nikamuuliza, sasa Jumatatu inakuwa lini huko? Akafikiri kweli kweli. Akasema labda haipo.

Nimechora miguu sita, mifupi, minene, kwa sababu ya ule uzito. Kwa nini sita na si minane? Sijui. Mkono umeamua wenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Mwili umepatikana. Tunamwita Bapa, maana amelala chini kama sinia. Akijiinua tu, upepo unambeba. Mdomo mpana uko mbele, unaukabili upepo, na upepo unamletea vijidudu vinavyopeperuka. Mdomoni ana chujio, kama la chai.

Sasa macho. Kwa ajili ya chakula anaelekea gizani muda wote, na mwanga uko nyuma yake muda wote. Bwana Labda akasema macho yakae nyuma. Nyuma kabisa, juu ya makalio, tuseme wazi. Nilicheka hadi nikadondosha waya. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu atatazama alikotoka tu!

Mkurugenzi akapita. Akazunguka meza mara mbili. Akauliza uso uko wapi. Watoto wa shule wanataka uso, alisema, wanataka kuangaliwa. Anaomba macho mawili mbele, makubwa, ikiwezekana na kope. Nikamwambia huko mbele hakuna cha kuona, Mama, ni giza tupu. Akasema giza ni la huko, wageni ni wa hapa. Akaenda zake. Kope! Mnyama wa upepo!

Halafu mchana Bwana Labda akakaa juu ya kopo la rangi, akaikazia macho miguu. Nikajua kuna balaa. Akauliza: kama chakula kinamfuata mdomoni, miguu ya nini?

Siku tatu nimefinyanga miguu sita, na kucha zake! Tumekaa hadi saa ya kufunga hatuna jibu. Mnyama asiye na sababu ya kutembea, mbona ana miguu? Na nikimkata miguu, mbona anabaki kuwa kitambaa cha kupangusia? Sielewi hata kwa nini nimekasirika hivi. Mnyama mwenyewe hayupo.

Jumamosi, 8 Machi

Baba kampa Bapa miguu yake!

Niandike kwa utaratibu. Tulikuwa mezani, chakula cha mchana, mimi na Baba tu, kama kila siku tangu Mama atutoke. Baba ndiye mtunza rejista wa makumbusho. Miaka arobaini na mmoja. Alishastaafu, wakamwongezea mkataba mara tatu, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuusoma mwandiko wa rejista za zamani. Kila kinachoingia pale, awe nondo awe nyangumi, kinapita kwenye kalamu yake: namba, jina, mahali, tarehe, aliyekusanya, hali. Wino tu. Hakuna kukata neno, hakuna kufuta, hakuna kuchana ukurasa. Namba ikishatoka imetoka. Kanuni hizo nilizijua kabla sijajua kusoma.

Basi nikawa nalalamika juu ya miguu. Baba akatafuna polepole kama kawaida yake, akauliza kama huyo mnyama yuko peke yake huko. Nikasema hapana, wako wengi.

"Basi akikaa mmoja mbele," akasema, "wa nyuma analala njaa."

Nikabaki na kijiko hewani. Ndiyo! Wa mbele anauchuja upepo wote. Wa nyuma hapati kitu, lazima atembee ampite. Yule aliyepitwa naye atembee ampite mwenzake. Kundi zima linatambaa kuelekea gizani, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza mezani. Na wakifika kwenye barafu? Baba akakunja kiganja: wanajikunja mviringo, wanajiachia, upepo unawarudisha kwenye joto, wanaanza upya. Nikauliza, na wazee je, mgongo ukishakakamaa, hawajikunji? Akasema hao wanabaki kule mbele. Baridi ni kali, lakini wanakula wa kwanza.

Aliyasema hivi hivi tu, huku akitafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mkononi mwake.

Jumatano, 12 Machi

Bwana Labda nusura alie. Sasa kila saa nne, saa ya chai, yuko ofisini kwa Baba na daftari. Baba anajibu yote. Wanalala vipi kama usiku hauji? Anayepitwa ndiye analala, akiamka njaa anapita wenzake. Wanatambuana vipi kama macho yako nyuma? Kila mmoja anamjua aliyemwacha nyuma, aliye mbele yake hamjui. Bwana Labda anaandika hadi kidole kinavimba. Baba hasemi labda hata mara moja. Anasema wanafanya, wanakwenda, wanakula.

Nimefurahi, nisifiche. Tangu mwaka jana Baba amekuwa mtu wa kunyamaza sana. Sasa anacheka na profesa!

Mkurugenzi anataka kuona kabati la kioo litakavyokuwa, na lebo ikiwa mahali pake. Nikamwandikia Bapa lebo. Karakana kwetu hakitoki kitu bila lebo yenye uzi mweupe, ni desturi, na mkono wangu haujui kuandika lebo nusu. Jina: Bapa. Mahali: ukanda mwekundu, upande unaokabili upepo. Tarehe: ya leo. Aliyekusanya: jina langu kamili, nikajisikia mkubwa. Kwenye hali nikakwama. Huwa tunaandika ngozi, au fuvu, au mifupa kamili. Huyu ni nini? Povu gumu na silikoni? Nikaacha wazi. Nitafikiria kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Jino limenipeleka kwa daktari, nimerudi kazini saa nane. Bapa hayupo mezani! Nimemkuta ghalani, rafu ya tatu, kati ya kakakuona na kasa, na tumboni ameandikwa namba kwa wino mweusi: 41,207. Tarakimu za Baba, zinazosimama wima kama askari. Alhamisi ndiyo siku yake ya kupita karakana kuchukua vyenye lebo.

Nimecheka peke yangu pale ghalani. Mzee ana utani! Nimemrudisha Bapa mezani, namba nimeiacha. Imempendeza.

Jumanne, 18 Machi

Mambo mawili, niyaandike yasinizunguke kichwani.

La kwanza. Juzi Jumapili asubuhi nimemkuta Baba sebuleni amevaa tai, ameshika mkoba, ananingoja twende kazini. Nikamwambia leo Jumapili. Akasema anajua. Akavua tai. Lakini hata zamani alikuwa akienda kazini Jumapili kukiwa na mzigo mkubwa umeingia. Mara nyingi tu. Kwa hiyo?

La pili. Leo jioni tukitembea kurudi nyumbani akaniuliza, "Yule amekula?" Nikauliza yule nani. Yule wa upepo, akasema. Nikacheka, nikamwambia ameshiba, madirisha yalikuwa wazi. Hakucheka. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa taarifa nzuri.

Anatania au hatanii? Baba hata akitania uso wake haubadiliki, Mama alikuwa akilalamika hivyo miaka yote.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya fedheha.

Saa tatu wameingia watu wawili kutoka makao makuu, idara ya wanyama hai. Glavu hadi kwenye viwiko. Tundu la waya. Wanamtaka mnyama. Mnyama gani? Namba 41,207. Kila mwisho wa wiki nakala ya rejista inakwenda makao makuu, na huko imeonekana makumbusho yetu yanafuga mnyama hai bila kibali. Ofisa anataka kujua analishwa nini, anafungiwa wapi, na kwa nini jina lake halimo kwenye orodha yoyote.

Mlinzi wa getini, kwa heshima zake zote, akawaelekeza karakana.

Ofisa akasimama mbele ya Bapa na tundu lake. Bapa akamtazama kwa makalio. Ofisa akamgusa kwa kalamu. Akaniuliza kama amelala. Haki ya Mungu, aliuliza hivyo! Nikasema ni silikoni, Bwana. Akainama, akanusa. Akainuka polepole, na nikaona hasira inampanda kutoka kwenye kola.

Tukaenda ofisi ya rejista wote: ofisa, msaidizi wake, Mkurugenzi, mimi. Baba akafungua ukurasa mwenyewe. 41,207. Jina, Bapa. Mahali, tarehe, jina langu, vyote nilivyoandika kwenye lebo. Na kwenye hali, pale nilipoacha wazi mimi, kuna neno moja kwa mwandiko wa Baba: hai.

Mimi nilidhani namba ile tumboni ni mchezo tu. Sikufungua rejista. Siku kumi na moja sikufungua rejista!

Mkurugenzi akamuuliza kama ni mwandiko wake. Wangu, akasema. Akamuuliza kwa nini. Baba akautazama ukurasa. Akautazama muda mrefu mno, hadi msaidizi akakohoa.

"Nilikusudia," akasema.

Sababu? Sababu ni yangu, akasema, akafunga rejista taratibu kama anavyoifunga siku zote, kwa mikono miwili.

Sijui niliogopa nini zaidi: kwamba anasema kweli, au kwamba hasemi.

Jumanne, 25 Machi

Mkurugenzi kaniita. Si mwanamke mbaya, ila la kuvunda halina ubani, na yeye anaona limeshavunda. Makao makuu wanataka maelezo ya maandishi. Njia ziko mbili.

Ya kwanza: mzee alisahau, akamwandika Bapa kama mnyama wa kweli. Hapo hakuna adhabu. Anaagwa vizuri, anapewa hotuba na keki, anaondoka na heshima zake. Lakini kila alichoandika miaka ya karibuni kinatiliwa shaka. Pembeni ya kila namba panawekwa alama ya kuuliza mpaka ikaguliwe upya, na wakaguzi wenyewe hawapo. Alama zitakaa hapo hadi sisi sote tufe.

Ya pili: alikusudia. Alifanya mzaha kwenye kitabu cha serikali. Hapo anafukuzwa, barua kali, hakuna keki. Lakini rejista inabaki safi. Mzaha mmoja, unajulikana, umeandikwa pembeni, basi.

Kikao ni Jumatano ijayo. Baba ataulizwa, kisha nitaulizwa mimi, maana lebo ni yangu na ninaishi naye. Mkurugenzi akanitazama. Wewe unajua ni lipi, akasema.

Sijui! Nipe jino moja nikuambie mnyama alikula nini, alitembea vipi, alikufa na umri gani. Baba nakula naye meza moja kila siku na sijui.

Nimempigia Dada. Dada ni mkunga, hana maneno ya kuzungusha. Akasema amekuwa akiliona hili tangu mwaka jana, na kwamba mimi silioni kwa sababu sitaki. Niseme kweli, apelekwe kwa daktari. Nikamuuliza, na kama kweli alikusudia? Akavuta pumzi kama anavyowaonyesha wanaojifungua mara ya kwanza. Akasema atakuja Jumapili.

Ijumaa, 28 Machi

Nimefanya nilichojua kufanya. Nimechagua namba ishirini za miaka mitatu ya karibuni, hapa na pale, nikashuka ghalani kulinganisha. Kumi na tisa safi. Safi kabisa! Popo, fuvu la nguruwe pori, mende wa pembe, kila tarehe na kila mahali pake. Nikaanza kuimba.

Ya ishirini ni ndege mdogo wa kahawia. Rejista inasema jike. Lebo yake imechanika pale pale penye jinsia, imebaki herufi ambayo inaweza kuwa yoyote. Nimemgeuza ndege, nimempuliza manyoya, nimemtazama na kioo cha kukuzia. Kwa aina hii dume na jike hawatofautiani kwa nje. Nani kakosea? Pengine hakuna. Nimekaa na huyo ndege saa nzima kama mjinga.

Bwana Labda akanikuta. Amesikia habari, kila mtu amesikia. Ameshajaza madaftari mawili ya maneno ya Baba na anataka jina la Baba liandikwe ukutani kwenye chumba kipya, kubwa kuliko lake. Nikamuuliza, wewe umekaa naye wiki tatu, mnatunga pamoja, unaonaje? Alikusudia?

"Mzee hatungi," akasema. "Anayetunga anasita. Yeye hasiti."

Hakusema labda. Ni mara ya kwanza. Nilimkasirikia papo hapo, nikamwambia na wewe ulijua, ukaendelea kuchota maneno yake tu. Akawa mwekundu masikio. Halafu nikakumbuka nani alikuwa wa kwanza kuchota, pale mezani, na miguu yangu sita.

Jumapili, 30 Machi

Dada kaja na kipimo cha presha, matunda, na maswali. Baba kaitikia shikamoo yake, kamkalisha, kamuuliza habari za wajukuu mmoja mmoja, bila kuruka. Nikamkonyeza Dada: umeona?

Akaanza. Leo siku gani, Baba? Baba akamwambia kina mama wake wanajifungua bila kuuliza siku, na watoto wanatoka wazima. Mwezi gani? Akasema mwezi wa kutoulizana. Dada akacheka bila kutaka. Nami nikacheka, nikamwambia Baba asitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kwa dakika nzima tulikuwa watu wenye furaha. Baadaye jikoni Dada akaninong'oneza kwamba hakujibu hata swali moja. Nikarudia maswali yote kichwani. Kweli. Hata moja.

Au hakutaka. Mimi mwenyewe nisingejibu.

Dada aliporudi sebuleni alimwambia wazi. Kwamba anamheshimu, kwamba hakuna aibu katika kuugua, kwamba afadhali aagwe kwa heshima kuliko kufukuzwa uzeeni kama mhuni. Machozi yalikuwa yanamtoka Dada, na yeye si mtu wa machozi. Baba akamsikiliza hadi mwisho.

"Mkiandika nimesahau," akasema, "kila mnyama wangu atatiliwa shaka. Mimi nitakufa. Wao watabaki pale na alama ya kuuliza."

Dada akasema, lakini kama kuna makosa kweli, Baba? Watu wasome makosa?

Baba alisimama, akaenda kuchukua mkoba wake, akaufungua, akatazama ndani, akaufunga. Akakaa tena. Akamuuliza Dada kama wajukuu hawajambo.

Dada alinitazama. Mimi nikatazama matunda.

Wote wawili wana haki. Hiyo ndiyo inayoniua. Nikisema alisahau, Dada anatulia na Baba anakufa kabla hajafa. Nikisema alikusudia, nawaachia watu kitabu ambacho mimi mwenyewe sina hakika nacho, namfanya baba yangu mzushi mbele ya nchi nzima, na huenda nasema kweli! Heri nusu shari kuliko shari kamili, sawa, lakini nusu ni ipi?

Jumatano, 2 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkurugenzi. Saa nne na robo. Baba ameshaingia. Nikingoja hadi nyumbani nitayabadilisha njiani, najijua.

Tulifika mapema. Baba amevaa tai ya bluu, amenyoa vizuri, viatu vinang'aa. Tukakaa hapa. Watu wakapita wakimwamkia, akawaitikia wote, akamuuliza fundi umeme kama mguu wake umepona. Nikasema moyoni, mbona mzima huyu, tumemsingizia tu. Nikaamua. Nitasema alikusudia. Nilishapata nafuu kabisa.

Ndipo akanisogelea. Akaongea chini chini, kama mtu anayeulizia choo ugenini.

"Mama," akasema, kama anavyoniita mimi binti yake tangu utotoni, "nieleze nilichokifanya. Nikaseme nilikusudia."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Akaniambia niharakishe, wataita sasa hivi.

Nikamweleza. Ningefanya nini? Nikamweleza sayari yenye uso mmoja, upepo, Bapa, lebo yangu, namba tumboni, watu wa glavu, neno hai. Alisikiliza kwa makini, akihesabia kwa vidole juu ya goti. Nilipofika kwenye kundi linalotambaa, la wanaopitana ili wale, alitabasamu, akasema aliyewaza hivyo ana akili. Sikumwambia ni nani.

"Na sababu?" akauliza. "Nilikuwa na sababu?"

Hakuwahi kunipa sababu. Hakuna aliyewahi kuisikia. Nilimtazama, mikono yake, ile tai, doa la wino kwenye kidole cha kati ambalo halijatoka tangu sijazaliwa, na maneno yakaja.

"Ulisema miaka arobaini na mmoja umeandika waliokufa tu. Ukataka umwandike mmoja aliye hai."

Akaligeuza geuza hilo. Midomo yake ikawa inalijaribu.

"Nilisema hivyo?"

"Ndiyo, Baba."

Akasema si sababu mbaya. Katibu akafungua mlango, akamwita. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaingia.

Sasa namsikia. Mlango wao haufungi vizuri. Anaisema. Anaisema vizuri kuliko nilivyoisema mimi, taratibu, bila kusita, na humo ndani hakuna anayekohoa. Anawaambia kwamba aliikuta sehemu ya hali iko wazi, na kwamba alikaa na kalamu mkononi hadi chai ikaingia utando, kwa sababu hakutaka kuandika neno lile lile tena. Kwamba nje kulikuwa na mafundi wanapaka rangi uzio, na harufu ilikuwa inaingia dirishani.

La chai sikumwambia. La mafundi sikumwambia. Mimi nilikuwa kwa daktari wa jino, sijui kama uzio ulipakwa rangi siku ile.

Mlango umefunguliwa. Katibu ananiita. Baba amesimama kando ya meza, ananitazama kwa furaha, kama mtu aliyekuja na shahidi wake.